Mabakuli Saba Kifudifudi

Ronge, 14 Machi 1977

Ndugu wa ushirika walikuja tena leo kuuliza hali ya roho yangu. Walikaa, wakanywa chai yote, wakaniombea nikiwa kitini kwa sababu magoti hayakunjiki tena. Wakati wa kuaga mmoja wao akanishika mkono na kusema, "Mwalimu Tryphena, ungama mapema, uende mwepesi." Nikamwambia nitaungama kwa kalamu, maana nikiungama kwa mdomo mtaanza kuimba kabla sijamaliza.

Basi naanza. Kwanza, nina hasira. Daktari amesema moyo wangu umechoka ndiyo maana miguu inavimba. Mvua hizi za masika nitaziona. Za vuli hakuzitaja. Yeye sikumkasirikia. Nimewakasirikia wengine wote.

Maisha yangu yote ya kazi nilifundisha wasichana mambo ya jikoni. Kung'arisha vijiko kwa majivu. Kupanga uma na visu kwenye meza ambapo wao wenyewe hawangeketi. Nilifundisha vizuri, na wanafunzi wangu waliajiriwa haraka. Tangu nistaafu nimekuwa nikipiga picha vyombo hivyohivyo. Nasogeza kamera karibu, naficha mpini, naficha ukingo, mpaka kijiko kisahau kazi yake na kubaki mkunjo mmoja wa mwanga. Watu husema nimerukwa na akili. Wangekuwa wamesema nini kama ningepiga picha maua? Wangesema mama ana macho mazuri.

18 Machi

Jua kali. Bati la kukwaruzia karoti, likiwa limesimamishwa mlangoni, lilitupa ukutani nukta za mwanga kama punje za mtama uliomwagika. Nilikuwa bado natafuta umbali wa kamera Elsie akaingia. Elsie ni binti wa marehemu kaka yangu, ndiye anayenitunza.

"Shangazi, nalitaka hilo bati."

"Ngoja jua lipite."

"Jua likipita na chakula cha mchana kimepita."

"Kula karoti nzima. Una meno."

Aliondoka akicheka, akalichukua chekeche badala yake, nami nililitaka hilo pia.

19 Machi

Miguu mibaya. Sikufanya kitu.

22 Machi

Leo nimepata picha niliyokuwa nikiitafuta tangu mwaka jana. Yale mabakuli ya bati yaliyotupwa na jiko la shule, yote saba, niliyapanga kifudifudi kwenye ubao wa dirisha, bega kwa bega. Asubuhi jua hupita pale mlangoni kwa upande, chini kabisa, kabla halijakwea juu ya mgomba. Rangi nyeupe ya mabakuli ilijaa mwanga upande mmoja na upande wa pili ikazama. Pale rangi ilipobanduka pakawa mashimo meusi. Bakuli la tatu lina bonde utosini, tangu Elsie alipoliangusha kwenye jiwe la kuoshea. Bonde hilo ndilo lililoifanya picha.

Nilibonyeza mara moja tu. Miguu ya stendi ya kamera imefungwa kwa kamba ya katani na inatikisika, lakini nilijua imetulia.

30 Machi

Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, Margaret, alikuja kunitazama. Nilimfundisha akiwa mdogo. Alikuwa akiunguza kila kitu. Anajenga bwalo jipya la chakula.

"Mwalimu, nina kuta nyeupe tupu. Sitaki kutundika kalenda za wauza mbolea. Nataka picha zako kumi na mbili."

"Wasichana watasema nini?"

"Watakula wakitazama juu. Sisi tulikula tukitazama chini."

Alipoondoka nililia, kisha nikakasirika kwa kulia. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuziomba. Bwalo litafunguliwa tarehe 11 Juni. Nikifika siku hiyo na kuziona ukutani, mengine yote na yaende.

6 Aprili

Mvua. Elsie ameteremka Voi na filamu. Pale karibu na stesheni ya reli kuna Munyao, Mkamba mwenye studio, ndiye pekee anayenisafishia bila kuniuliza "Na hii ni nini, Mama?" Nimemwagiza achape kubwa, zote kumi na mbili, na nakala moja ya majaribio ya kila picha.

7 Aprili

Mvua.

8 Aprili

Mvua. Ijumaa Kuu. Mahubiri ya shemeji yangu Danson yalisikika mpaka huku, ingawa kipaza sauti kililowa.

19 Aprili

Munyao ametuma salamu kupitia Elsie: picha ya mabakuli ni nzuri mno, ameiweka dirishani mwa studio katikati ya maarusi na picha za vitambulisho. Nimelala nikitabasamu kama mjinga.

27 Aprili

Leo lazima niandike yote, hata mkono ukiuma.

Danson alikuja asubuhi, amelowa, hakutaka kuketi. Danson alimwoa dada yangu mdogo, Mungu amrehemu. Ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya shule. Hajawahi kuwa mtu mbaya. Ni mtu ambaye akishaamua, hasikii tena.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Nimefika jikoni, Danson. Huko ndiko mlikonipeleka."

"Usinitanie. Nimetoka Voi. Ile picha iko dirishani kwa yule Mkamba, watu wanaitazama wakila mahindi ya kuchoma. Wazee wetu! Umewapanga dirishani kama viatu vya mauzo!"

Sikumwelewa. Ikabidi aseme neno lenyewe, akilisema kwa sauti ya chini ndani ya nyumba yangu: mafuvu.

Niandike jambo hili kwa ajili ya watakaosoma wakiwa wadogo. Zamani, huku milimani, mzee akizikwa, baadaye fuvu lake lilitolewa kaburini na kuwekwa kwenye pango la ukoo, pamoja na waliotangulia, safu moja, nyuso nje. Watu walikwenda kuongea nao mvua ikikosekana au mtoto akiugua. Nilipokuwa msichana, Wakristo wa kwanza wa hapa waliyachukua yale ya pango la juu yetu wakayafukia katika shimo moja, ili waonekane wameacha kweli. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nakumbuka waliimba. Nakumbuka pia jinsi alivyonawa mikono mara nyingi jioni ile.

Nikamwambia Danson ni mabakuli. Mabakuli ya uji!

"Bakuli lina macho?"

"Rangi imebanduka."

"Na lile la tatu, lililopigwa rungu?"

"Lilipigwa na Elsie!"

Hakucheka. Akauliza aliyenionyesha pango ni nani, nililipiga lini, na kama najua watu wa ukoo wanasema nini. Kisha akasema lililomleta: Jumapili nisimame kwenye ushirika, niungame mbele ya watu kwamba nilirudia mambo ya kale na kuyapiga picha. Nisipofanya hivyo, kamati haitaruhusu picha yangu hata moja iingie bwaloni. "Hata ile ya uma?" nikauliza. "Zote," akasema. "Nani ajuaye ile ya uma ni nini."

Mwenyezi Mungu, huyu ni mtu aliyekula mezani kwangu kwa maisha yake yote. Uji wa mabakuli hayohayo ameunywa! Amelishika bakuli kwa mikono miwili, amelilamba, na hajawahi kulitazama hata siku moja. Hiyo ndiyo hasira yangu. Hawajawahi kutazama. Mwanamke anawawekea kitu mbele kila siku, wanakimaliza, wanakirudisha. Siku kitu hicho kinasimama peke yake katika mwanga, wanaona maiti.

Nilimwambia atoke. Alitoka, akarudi kuchukua mwavuli, akatoka tena.

1 Mei

Sikwenda. Elsie amekwenda, amerudi, hasemi walichosema. Anapika kwa kelele.

3 Mei

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Margaret ameandika: anapigana na kamati, lakini kura ni za Danson. Ananiomba niwape ushahidi. Ndiyo. Nitawapangia mabakuli yaleyale mahali palepale, wasimame palipokuwa na kamera, watazame. Kinachotakiwa ni asubuhi moja yenye jua. Picha zote kumi na mbili zimeshafika kutoka Voi, ziko chini ya kitanda changu.

4 Mei. Ukungu.

5 Mei. Ukungu. Kuvimba kumefika magotini.

9 Mei

Ukungu. Mbingu nazo ni za kamati.

12 Mei

Sikutarajia mgeni wa leo. Mzee Mwandawiro, yule wa nyumba ya juu, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani ila siku aliyokuwa akimtafuta mbuzi wake. Mkaidi, mchafu, ana ugomvi wa mpaka na kila jirani. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akanisalimu kwa Kidawida, lugha yetu.

"Kwawuka, Mwalimu. Bado hujafa?"

"Najitahidi. Na wewe?"

"Mimi sina haraka, sina mtu wa kuniimbia." Akaketi bila kukaribishwa. "Nipe niione."

Nikajua anachotaka. Nilimtuma Elsie chumbani alete ile nakala ya majaribio. Nilikuwa tayari kumfukuza huyu pia. Mwandawiro aliisogeza karibu na pua, kisha mbali, kisha karibu. Kidole chake kilitembea juu ya mabakuli, la kwanza, la pili. Kwenye la tatu kikasimama pale penye bonde.

"Huyu ni babu," akasema.

Kidole kikabaki palepale.

"Rungu la Mmaasai. Waliteremka kuchukua ng'ombe, akasimama njiani. Hakufa siku ile, alikufa mzee sana, lakini bonde lilibaki. Mimi nilikuwa nikiligusa nikiwa mdogo, pale pangoni, nikibebwa na baba. Kisha baba yako na wenzake wakaja na majembe." Alilisema hilo bila kunitazama. "Sikujua kama walipigwa picha kabla."

Hapo ndipo ningesema, ni bakuli, Mzee. Mdomo ulikuwa tayari. Danson nilimwambia kwa kelele, kwa nini huyu nisimwambie? Aliomba akae nayo. Nikampa. Akaifunga katika mfuko wa nailoni wa sukari akaiingiza ndani ya koti, upande wa moyo, kama mtu anayebeba kifaranga.

Elsie aliniangalia. "Shangazi, ni dhambi."

"Niongezee kwenye zile nyingine."

Nimekasirika mpaka jioni, na sijui na nani. Na baba, nadhani. Kwa mara ya kwanza.

20 Mei

Mahindi ya watu yameanza kuoza shambani. Kinu kimevimba kwa unyevu. Hakuna picha, hakuna mwanga.

29 Mei

Kwa muda mfupi, jua. Watu walikuwa kanisani.

5 Juni

Jumapili. Niliamka nikaona mstari wa jua chini ya mlango. Nikamtuma Elsie mbio kwa Danson: njooni sasa, kabla ya ibada. Nilijikokota mwenyewe mpaka jikoni nikishika ukuta, nikapanga mabakuli saba kwenye ubao wa dirisha, kifudifudi, kila moja mahali pake. Mwanga ulikuwa uleule. Ulikuwa bora kuliko ule. Hata mtoto angeona. Nilijua kesho yake picha zangu zitabebwa kwenda bwaloni.

Ndipo kupitia dirishani nikamwona Mwandawiro akiteremka. Hakuna aliyemwita, sijui habari humfikiaje. Alitembea polepole kwa sababu ya utelezi, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mwingine ukiwa umeshikilia koti kifuani.

Sauti ya Danson ilikuwa tayari uani.

Nilinyoosha mkono nikalitoa bakuli la tatu. Nikaketi, nikaliweka mapajani, nikajifunika blanketi. Mengine sita niliyasogeza kidogo kuziba pengo. Elsie alisimama mlangoni. Aliona kila kitu.

Waliingia: Danson, wanakamati wawili, Margaret akiwa amevaa nguo yake ya kanisani na uso wa ushindi. Mwandawiro alibaki kizingitini. Niliwasimamisha palipokuwa na kamera. Wakainama mmoja mmoja.

"Ni mabakuli," akasema mwanakamati mmoja.

"Si nilisema!" akasema Margaret.

Danson alikuwa ametoa nakala aliyoitwaa dirishani mwa Munyao. Aliitazama, akatazama ubao, akatazama tena. Danson ni mjinga wa mambo mengi lakini kuhesabu anajua.

"Kwenye picha ni saba. Hapa ni sita."

Nikalivuta blanketi.

"Lile lenye pigo liko wapi, Shemeji?"

Chini ya blanketi bati lilikuwa baridi juu ya mapaja yangu. Margaret alinigeukia. "Mwalimu? La saba lipo, si ndiyo? Mwalimu, sema tu." Mwandawiro hakusogea pale kizingitini.

"Hakuna la saba," nikasema.

Danson akamgeukia Elsie. "Elsie, humu mlikuwa na mabakuli mangapi?"

Elsie ameokoka. Elsie hasemi uongo hata kwa muuza mboga. Alikunjakunja aproni yake. "Baba Danson, mimi huhesabu watu wa kula. Mabakuli sihesabu."

Basi yakawa mabaya kuliko kabla. Danson alishika kichwa. "Umechanganya! Shemeji, umemweka mzee wa watu katikati ya vyombo vya kulia!" Wanakamati walirudi nyuma kutoka dirishani. Mmoja alifuta mkono kwenye suruali, na hakuwa amegusa kitu. Margaret hakulia; alinitazama tu kama nilivyomtazama yeye siku alipounguza keki ya mgeni wa heshima. Kisha akaondoka nao.

"Nilisema mimi," Mwandawiro akawaambia wakimpita. "Ni babu."

8 Juni

Nimelala. Mvua imerudi, sasa kwa kuwa haina kazi.

11 Juni

Wamefungua bwalo. Ngoma, kwaya, hotuba. Upepo ulileta kila kitu. Elsie alikwenda nikamwomba atazame kuta tu. Amesema kuna kalenda tatu za mbolea, na moja ina picha ya trekta.

Picha zangu zingalipo chini ya kitanda. Munyao ametuma salamu kwamba wameivunjia heshima studio yake na kwamba ataiweka nyingine dirishani, ile ya uma. Mungu ambariki Munyao.

12 Juni

Naandika kuungama, kwa maana ndugu watakuja tena wiki hii na nataka iwe imeshaandikwa.

Nilisema uongo mbele ya watu sita. Bakuli lipo, liko nyuma ya mto wangu. Kwa uongo huo nimeupoteza ukuta pekee niliowahi kupewa, na nimemwumiza Margaret ambaye hakunikosea. Nafanya hesabu kila siku na haitoki sawa. Kwa nini? Kwa sababu ya mzee mchafu asiyenipenda! Laiti ningelikuwa mwema ningesema nilifanya kwa upendo. Nilifanya kwa hasira. Sikutaka watu wa kanisa langu wamfukie babu yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

17 Juni

Mwandawiro alikuja. Magoti yake yamejaa udongo mwekundu. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema.

"Nimemweka."

"Wapi?"

"Pale pale. Kwenye mwamba. Nimemfunga katika mfuko wa nailoni, nikamwekea jiwe miguuni asipeperuke. Uso nje."

Nikamwuliza kama maji hayafiki. Akasema hayafiki, wazee hawakuwa wapumbavu. Aliinuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Na lile bakuli, Mwalimu, usimpe mtu."

Nilihisi moyo umesimama. Labda ulisimama kweli. "Bakuli gani?"

"Nimekunywa uji humu siku ya matanga ya kaka yako. Nilipewa lile lenye bonde. Lilinichoma midomo."

"Ulijua!"

"Macho tu ndiyo mabovu."

"Mwandawiro, ulijua siku ile ya kwanza? Umekaa hapo, umenyoosha kidole, umeniambia habari za Wamaasai—"

"Habari za Wamaasai ni za kweli. Bonde liko mahali pale pale." Alikasirika naye. "Unataka nini? Kule juu nimekuwa nikiongea na jiwe tupu tangu nikiwa kijana. Unajua kuongea na jiwe tupu? Sasa kuna kitu. Kinafanana. Danson hakukataa kuwa kinafanana."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kidawida, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza asichokijua, na kile ndicho kilichomfurahisha. Nilimwambia nimepoteza bwalo zima kwa ajili yake. Alisema bwaloni kuna wasichana tu na maharagwe. Kisha sijui ni nani alianza, lakini nilikuwa nikicheka, kifua kikiuma, hadi Elsie akaja mbio akidhani ndiyo mwisho.

18 Juni

Bado nina hasira naye. Nina hasira na Danson, na kamati, na mbolea. Baba nimemwachia kidogo.

Nimemwambia Elsie uji wangu autie katika lile bakuli. Akasita. "Shangazi, kweli? Si heshima." Yeye naye! Yeye aliyeliangusha!

"Tia uji," nikasema.

Nimekunywa wote. Kisha nimemwambia alioshe kwa majivu, alikaushe, aliweke kifudifudi dirishani, peke yake. Ukungu umeanza kuinuka kutoka bondeni, na ndani ya kamera kuna picha moja iliyobaki.